Kijiji Kilichoamshwa na Njaa

Ziko hadithi ambazo watu huzicheka sana wazionapo, kisha wakirudi kwao na kuzifikiri, huwachoma moyoni. Moja ya hizo ni picha ya sinema ya Kifaransa iitwayo La Femme du boulanger, maana yake Mke wa Mwoka Mikate, aliyoitengeneza Marcel Pagnol mwaka 1938. Kisa chenyewe alikitoa katika kitabu cha Jean Giono kiitwacho Jean le Bleu, kilichopigwa chapa mwaka 1932. Mabwana hao wawili walizaliwa mwaka mmoja, 1895, katika nchi ya Provence, kusini mwa Ufaransa. Na picha ilichukuliwa huko huko, katika Le Castellet, kijiji kilicho juu ya kilima. Mwaka 1940 wahakiki wa sinema wa New York waliichagua kuwa bora ya mwaka miongoni mwa picha za lugha za kigeni, na tangu hapo sifa zake hazijakoma.

Sisi nasi twaisifu. Lakini twaona kwamba wengi waisifuo huisifu kwa sababu isiyofaa, na wengi wailaumuo huilaumu kwa sababu isiyofaa vile vile. Kwa ajili hiyo tumeshika kalamu. Na kama maneno yetu yatamwudhi mtu, na audhike, mradi afikiri.

Kwanza, kwa ajili ya wasomaji ambao hawajaiona, tusimulie kwa ufupi. Mwoka mikate mmoja, jina lake Aimable, mtu wa makamo mwenye moyo mweupe, amehamia kijijini pamoja na mkewe Aurélie, ambaye ni kijana kuliko yeye. Watu wamemngojea kwa hamu, maana katika nchi ile mkate ndio chakula, na vingine vyote ni kitoweo. Akaja mchunga kondoo mmoja, kijana mzuri wa sura, ametumwa na kabaila wa kijiji kuchukua mikate ya mashambani. Macho ya kijana na macho ya mke yakakutana, basi neno likawa limekwisha anza. Usiku mmoja vijana wakaja kuimba chini ya dirisha la nyumba. Mwoka mikate, maskini, akadhani wanamshukuru kwa utamu wa mkate wake. Akawapa zawadi, akaingia kulala na furaha yake. Usiku ule ule mke akaondoka pamoja na mchungaji, wamepanda farasi wa kabaila. Asubuhi mume aliamshwa na moshi. Mikate ilikuwa imeungua tanurini, kwa kuwa mke ndiye aliyekuwa amwamshe, na mke hakuwako.

Hakutaka kuamini. Alimwambia kila mtu kwamba mkewe amekwenda kwa mamaye. Kijiji kikacheka. Kikamfanyia mzaha mbele yake na nyuma yake, hata alipokunywa pombe asiyoizoea, akalewa mbele ya watu kwa uchungu. Kisha akasema neno moja: hataoka mkate tena mpaka mkewe arudi. Hapo ndipo kicheko kilipokoma. Kabaila aliwakusanya wanaume, akawagawanya kwa vikosi kama askari waendao vitani, wakatafuta kila mahali. Mvuvi mmoja akawaona wawili hao katika kisiwa kidogo cha kinamasi. Padre na mwalimu wa shule, ambao hawakuelewana hata kidogo, wakaenda pamoja kumleta, na mwalimu akambeba padre kuvuka maji. Kijana akakimbia, mke akarudi kwake. Mumewe akampokea kana kwamba ametoka kwa mamaye kweli, wala hakumwuliza neno. Lakini saa ile ile akarudi paka jike wa nyumbani, Pomponnette, ambaye naye alikuwa amepotea siku hizo. Maneno yote ya uchungu ambayo mume hakumwambia mke, alimmwagia paka. Mke akasikia, akalia. Kisha tanuri likawashwa tena.

Ndicho kisa. Sasa tuwasikilize wasemaji wake, ambao ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni wale wasemao: “Hii ni habari ya aibu, mke mtoro asitiwe katika picha watu wakamtazama.” Hao tutawajibu kwa maneno machache. Jambo litendwalo haliondoki duniani kwa kufunikwa. Mganga asiyependa kuona kidonda hakiponyi. Na katika picha hii uovu haukupambwa: aonaye mume yule akiyatazama makaa ya mikate yake na kumwita mkewe katika nyumba tupu, hawezi kutamani kumfanyia mwenziwe hivyo.

Wa pili ni wale wasemao: “Mwoka mikate huyu ni mjinga, wala si mwanamume. Mwanamume wa kweli angemfukuza, au angemtia adabu.” Maneno hayo twayasikia mara nyingi, tena vinywani mwa watu waliosoma, nasi twayapinga kabisa. Mjinga ni mtu asiyejua. Je, Aimable hakujua? Basi maneno yale aliyomwambia paka aliyatoa wapi? Alimwita paka majina machungu. Alimweleza jinsi Pompon, paka dume, alivyohangaika kumtafuta. Alimwuliza kama yule paka wa mapaa ya nyumba ana upole gani zaidi ya uzuri. Mtu asiyejua hawezi kusema hayo. Alijua kila kitu. Alilolifanya ni kuchagua, na kuchagua si kazi ya wajinga.

Tena alikuwa na silaha mkononi. Wengi wanaomcheka hawafahamu sheria ya Ufaransa ilivyokuwa siku zile. Kwa sheria ya jinai ya mwaka 1810, mke aliyeshikwa kwa uzinzi aliweza kufungwa gerezani tangu miezi mitatu hata miaka miwili. Mume mzinzi hakufungwa. Alitozwa faini tu, tena ikiwa tu amemweka mwanamke mwingine katika nyumba ile ile ya ndoa. Na sheria hiyo iliongeza kwamba mume aweza kuikatiza adhabu ya mkewe, akikubali kumrudisha kwake. Mambo hayo hayakufutwa mpaka mwaka 1975. Kwa hiyo, mwaka ule wa 1938, mwoka mikate alikuwa na kufuli mkono mmoja na ufunguo mkono wa pili. Hakwenda kwa askari, wala hakwenda kwa hakimu. Alitandika meza, akampa mkewe chakula. Asemaye kwamba huo ni unyonge, na atuonyeshe nguvu iliyo kubwa kuliko ile ya kuwa na fimbo na kuiacha ukutani.

Lakini mashindano yetu makubwa ni na watu wa namna ya tatu, ambao ndio wengi kuliko wote, nao ni wapole, na maneno yao ni matamu. Husema: “Tazama jinsi kijiji kilivyoungana! Maadui walipatana, padre na mwalimu walisaidiana, wote walitoka kumwokoa ndugu yao mmoja. Hiki ni kisa cha upendo wa jirani.” Nasi twajibu: La. Hiki ni kisa cha njaa.

Tufikiri pamoja. Kama Aimable angalikuwa fundi wa viatu, ni nani angaliingia katika kinamasi? Kama angalikuwa mfua chuma, kabaila angalipanga vikosi vyake? Machozi ya Aimable yalikuwako tangu asubuhi ya kwanza, na kijiji kiliyaona, na kijiji kilicheka. Kilichobadilika baadaye si machozi bali mkate. Huzuni ya mtu mmoja ilikuwa mchezo wa watu wote, mpaka ilipofika mezani kwao. Ndipo walipoiita msiba. Basi tusiite upendo kitu ambacho tumbo limekiagiza.

Hata kupatana kwao kulikuwa kwa namna hiyo. Katika kijiji kile mlikuwa na majirani wasioambiana neno kwa ajili ya kivuli cha miti kiangukacho katika bustani ya mwenzao. Mlikuwa na wengine waliorithi ugomvi kwa baba zao, kama mtu arithivyo shamba, wala hawajui ulianzaje. Twauliza, mwanamke kijana mgeni angepata wapi rafiki katika mahali pa namna hiyo? Ni mlango gani angeugonga siku moyo wake ulipoanza kuyumba? Kijiji ambacho watu wake hawasemezani, hakiwezi kumsemeza mgeni. Alisemezwa na mmoja tu, naye alikuwa mchungaji.

Na huyo kabaila, jemadari wa safari ya kumtafuta mke aliyepotea, yeye alikuwa nani? Alikuwa mtu aliyeweka nyumbani kwake wasichana, ambao aliwaita wapwa zake. Kila mtu alijua ni wapwa wa namna gani. Padre alimkemea, hilo ni kweli, lakini kijiji kilimvulia kofia. Mchungaji alikuwa mchungaji wake, na farasi alikuwa farasi wake. Hakuna aliyekwenda chini ya dirisha lake kumwimbia nyimbo za dhihaka. Kosa la mwoka mikate lilikuwa nini, basi, hata akapata dhihaka hizo zote? Alikuwa maskini, alikuwa mgeni, na alipenda mbele ya watu. Twaona mizani miwili hapa, kama ile mizani miwili ya sheria: mmoja wa mwenye cheo, mmoja wa mnyonge, mmoja wa mume, mmoja wa mke. Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.

Sasa tuje kwetu sisi walimu, maana si haki kuwapiga wengine na kujihurumia wenyewe. Picha yaanza na ugomvi wa padre na mwalimu. Kisa chake ni Jeanne d'Arc, yule msichana shujaa wa Ufaransa: mwalimu amewafundisha watoto kwamba alidhani amesikia sauti, na padre ataka wafundishwe kwamba alizisikia kweli. Hatusemi kwamba jambo hilo ni dogo. Ni jambo kubwa, na wenye elimu waweza kuhojiana juu yake kwa adabu. Lakini wakati mabwana hao wawili, wenye kujua kusoma kuliko wote kijijini, walipokuwa wakihojiana juu ya sauti zilizosikiwa miaka mia tano iliyopita, hakuna hata mmoja wao aliyeisikia sauti iliyokuwa ikiita jirani yake, katika nyumba ya mkate. Mwalimu alimbeba padre mgongoni siku ya kinamasi, na watu hucheka sana waonapo hayo. Nasi tulicheka. Kisha tulijiuliza: kwa nini hawakuchukuliana siku ya kwanza, penye nchi kavu?

Twajua tutajibiwa kwamba Pagnol mwenyewe aliyaona haya yote, na kwamba ndiyo maana aliyaonyesha. Hilo twalikubali. Pagnol alikuwa mwana wa mwalimu, na yeye mwenyewe alifundisha Kiingereza shuleni kabla ya kuwa mwandishi. Hakuwapaka sukari watu wake. Hatugombani naye, twagombana na watazamaji, ambao huipokea dawa aliyoitia katika asali, wakailamba asali na kuitema dawa. Wao humcheka Aimable pamoja na kijiji katika saa ya kwanza, na humlilia pamoja na kijiji katika saa ya pili, wala hawajui kwamba wamekwisha kuwa wanakijiji.

Lakini liko jambo moja ambalo twadhani hata Pagnol alilipita kwa haraka, nalo ni jambo la mke mwenyewe. Aurélie hasemi sana katika picha hii. Wanaume husema: hunena mume, na padre, na mwalimu, na kabaila, na mvuvi husimulia safari yake kirefu asitake kukatizwa. Wote wana neno juu ya Aurélie, lakini ni nani aliyemwuliza neno? Alipotoroka, watu walisema ni shetani. Aliporudi, walisema ni neema. Katikati ya shetani na neema palikuwa na mtu, naye hakuulizwa.

Hatusemi hivi ili kumpa haki asiyokuwa nayo. Aliyevunja ahadi amevunja ahadi, na aliyeacha mikate iungue na mume alale, amefanya ukatili. Lakini wazee wetu walisema: mke ni nguo, mgomba kupalilia. Watu wengi huikumbuka nusu ya kwanza ya mithali hiyo, wakadhani mke ni kitu cha kununuliwa na kuvaliwa. Nusu ya pili wakaisahau. Mgomba usiopaliliwa hauzai, hata kama mwenyewe aupenda sana na kuusifu kwa majirani. Aimable alimpenda mkewe kweli. Lakini alikuwa mtu akeshaye tanurini usiku na kulala wakati wengine wameamka, tena amemzidi mkewe kwa miaka mingi, na upendo wake ulikuwa wa kumwabudu zaidi ya kumsemeza. Nyumba yenye unga mzuri, tanuri zuri, na kimya kirefu, ni nyumba yenye njaa. Njaa hiyo kijiji hakikuiona, kwa kuwa si ya mkate.

Na hata maneno ya mwisho, ambayo twayasifu kuliko yote katika picha hii, yana upungufu wake. Mume alimwambia paka, kwa kuwa paka hawezi kujibu. Alipomwuliza paka kama ataondoka tena, mke ndiye aliyejibu, akasema kwamba hataondoka tena. Tazama, basi: ahadi kubwa kuliko zote za maisha yake aliitoa kwa niaba ya paka! Twafahamu kwamba siku ile haikuwezekana zaidi ya hapo. Kidonda kibichi hakishikwi kwa mkono mzima. Upole wa mume ulimwokoa mkewe katika aibu, na machozi ya mke yalimwokoa mumewe katika upweke. Lakini asubuhi ya pili, na ya tatu, na mwaka utakaofuata, je, watasemezana kwa njia ya paka siku zote? Msamaha ni mlango, na mlango si nyumba. Waliosamehewa lazima waingie ndani, waketi, waambiane: mimi niliumia hapa, na wewe uliumia wapi? Picha yakoma mlangoni. Mtazamaji aendelee mwenyewe.

Yuko atakayeuliza: “Basi mwataka nini? Mwataka kijiji kisiende kumtafuta? Mwaona heri mke apotee, na watu wakose mkate, ili mioyo yao iwe safi?” La, hatusemi hivyo. Mtu aliyeokolewa kwa sababu ndogo ameokolewa. Hatumrudishi majini ili aokolewe kwa sababu kubwa. Na huenda baadhi ya wale waliotoka kwa ajili ya mkate walirudi wakiwa na kitu zaidi ya mkate. Tulisemalo ni hili: kwamba kazi waliyoifanya siku ya mwisho ilikuwa deni lao tangu siku ya kwanza. Ndoa ni ya watu wawili, lakini haikai juu ya mti, yakaa kijijini. Majirani waweza kuishika kama nguzo zishikavyo paa, au waweza kuitoboa kama mchwa. Hakuna awezaye kusema, “Mimi sikuishika wala sikuitoboa, nilikuwa nikicheka tu.” Kicheko nacho ni mchwa.

Kwa hiyo twawaambia wanaume wamchekao Aimable: mwenzako akinyolewa, chako tia maji. Twawaambia wazee wa kila kijiji: msingoje mpaka tanuri lipoe ndipo mkakumbuke kwamba nyumba ile ina watu. Mgeni akija, mke wake apelekewe salamu kabla ya mkate wake kununuliwa. Na kwa walimu wenzetu twasema: hoja za kale ni nzuri, lakini tuzishike kwa mkono mmoja, na mkono wa pili uwe tayari kugonga mlango wa jirani, penye nchi kavu, kabla ya kinamasi.

Picha yaisha wawili hao wakiwasha tanuri lililokaa baridi tangu siku mke alipoondoka. Watu hufurahi kwa kuwa kesho mkate utakuwako. Sisi twafurahi kwa sababu nyingine. Moto ule, safari hii, hakuuwasha mume peke yake wakati mke amelala, wala hakuungoja mke peke yake wakati mume amelala. Waliinama pamoja. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.